Wi-Fi imeganda ghafla? Huenda "makufuli" ya draiva yamekwama

Mawimbi yamejaa, bando lipo, ila hakuna kinachofunguka. Ukigusa kitufe cha kuzima Wi-Fi, hakijibu. Unazima simu na kuiwasha, mambo yanakuwa poa. Sababu zinaweza kuwa nyingi, lakini hii huzungumzwa mara chache: makufuli ya draiva.

Draiva ni nini?

Ni programu inayounganisha chipu ya Wi-Fi na keneli, yaani kiini cha mfumo wa simu. Android inatumia keneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991.

Kufuli la nini?

Simu hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Moja inatafuta mitandao, nyingine inapokea data, nyingine inazima Wi-Fi ili kuokoa chaji. Zote zinagusa taarifa zilezile, hivyo kufuli huzipanga foleni. Likikosekana, kazi moja inaweza kufuta taarifa ambayo nyingine bado inaitumia. Hapo simu inajizima, au mdukuzi anapata upenyo.

Makosa 3 yanayojirudia

1. Kusubiriana. Kazi ya kwanza imeshika kufuli A inataka B. Ya pili imeshika B inataka A. Hakuna anayeachia, basi zote zimekwama. Tiba: makufuli yashikwe kwa mpangilio uleule kila mahali.

2. Kulala na kufuli. Kuna kufuli linaloitwa spinloku. Anayelisubiri halali, anajaribu tena na tena. Kwa hiyo aliyelishika anatakiwa amalize haraka. Akilala kusubiri jibu la chipu, wengine wanateketeza nguvu ya prosesa bure. Tiba: achia kwanza, au tumia myuteksi, kufuli linaloruhusu kulala.

3. Kuzima vibaya. Unazima Wi-Fi, draiva inashika kufuli na kusubiri kazi ya nyuma iishe. Kumbe kazi hiyo nayo inasubiri kufuli hilohilo! Tiba: kufuli liachiwe kabla ya kusubiri.

Nani anayakamata?

Mwaka 2006 Linux ilipata kifaa cha ukaguzi kiitwacho lockdep, kazi ya Ingo Molnár. Kinarekodi mpangilio wa makufuli na kutoa onyo hata kabla simu haijaganda. Kwa kuwa kinapunguza kasi, hutumiwa zaidi na watengenezaji wakati wa majaribio.

Njia nyingine ni kurahisisha. Zamani shughuli nyingi za Wi-Fi zilisubiri kufuli moja kubwa la mtandao mzima. Toleo la 5.12 la mwaka 2021 lilihamishia sehemu kubwa ya kazi hiyo kwenye kufuli la kila kifaa cha Wi-Fi. Baadaye makufuli mengi madogo yakaondolewa, kazi zake zikawekwa chini ya hilohilo. Makufuli yakipungua, nafasi ya kukosea mpangilio nayo inapungua.

Wewe ufanye nini?

- Ikiganda, washa hali ya ndegeni kisha uizime. Ikigoma, zima simu na uiwashe.
- Sakinisha masasisho ya mfumo. Kusasisha app pekee hakugusi draiva.
- Ukinunua simu, uliza itapata masasisho kwa miaka mingapi. Kosa likirekebishwa leo, simu iliyoachwa na mtengenezaji wake haitapata tiba hiyo.