Kihamba, Mfereji na Mji: Historia ya Chakula Chini ya Mlima Meru

Watu wengi wakisikia neno utamaduni hukumbuka mara moja ngoma, nyimbo, mavazi na vinyago. Ni kweli kwamba hayo yote ni sehemu ya utamaduni, na mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri na kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, nia mojawapo ilikuwa kuyarudishia heshima yale yaliyodharauliwa zama za ukoloni. Lakini jembe nalo ni utamaduni. Namna watu wanavyogawana maji, wanavyotunza mbegu na wanavyosaidiana kazi ni urithi uliojengwa na vizazi vingi, kama ulivyojengwa ushairi au ufundi wa kuchonga.

Makala hii yahusu chakula cha watu wa Mlima Meru na mji wa Arusha ulio chini yake, na hoja yake ni moja. Shamba la chakula katika nchi ile halikuwa kamwe udongo na mimea peke yake. Lilikuwa pia mapatano baina ya watu. Mapatano hayo yalipovunjwa watu waliumia, na yalipotunzwa chakula kilipatikana hata pale ardhi ilipokuwa finyu. Anayetaka kuelewa kile kinachoitwa siku hizi kilimo hai hana budi kuanza na historia hiyo.

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500. Ni mlima wa volkano, na udongo wake una rutuba nyingi. Mvua hunyesha zaidi upande wa kusini na mashariki, ilhali upande wa kaskazini ni mkavu na hufaa zaidi kwa malisho. Wameru, ambao lugha yao ina udugu wa karibu na Kichagga, walikaa mitelemko ya kusini-mashariki. Waarusha, ambao lugha yao na marika yao yanawaunganisha na Wamasai, walihamia mitelemko ya kusini-magharibi yapata miaka ya 1830. Ingawa asili zao zilikuwa mbalimbali, na ingawa mara kwa mara walipigana, makabila hayo mawili yalikuja kuwa na shamba la namna moja: shamba la migomba lililozunguka nyumba, ambalo Wameru, kama Wachagga, huliita kihamba.

Yafaa tulitazame shamba hilo kwa makini, maana watu wa nje hawakuliona kuwa ni elimu. Juu ilisimama migomba, na majani yake yakatia kivuli na kuzuia mvua kali isiuchukue udongo. Chini yake yalipandwa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe na mbuzi wachache walifungwa nyumbani, wakaletewa majani na vigogo vya migomba. Nao wakatoa maziwa kwa watoto na samadi kwa migomba. Majani makavu yalitandazwa shinani ili unyevu usipotee. Hivyo kilichotoka ardhini kilirudi ardhini. Familia haikutegemea zao moja, kwa hiyo zao moja lilipoharibika mengine yaliiokoa. Mchanganyiko huo, ambao mgeni aliuona kama vurugu, ulikuwa bima ya mkulima.

Hata hivyo, kihamba kimoja hakikuweza kujitosheleza. Kilihitaji maji, na maji yalikuja kwa mfereji. Mito mingi hutelemka kutoka Meru, kama vile Themi, Nduruma na Usa, na wenyeji walichimba mifereji ya kuyatoa maji mtoni na kuyapitisha ukingoni mwa vilima hadi mashambani. Hakuna mtu mmoja awezaye kuchimba au kutunza mfereji wa namna hiyo. Ilibidi wawepo wazee wa mfereji, zamu za kumwagilia, na siku za kuzibua matope ambazo kila nyumba yenye shamba ilitoa mtu. Mvivu aliyekwepa kazi alijua kwamba zamu yake ya maji ilikuwa hatarini. Kwa njia hiyo maji yaliwafundisha watu ujirani kuliko maneno matupu.

Mapatano hayo yalivuka hata mpaka wa kabila. Wanawake wa Kiarusha walizoea kubadilishana nafaka na mazao mengine na Wamasai wa mbugani, wakapata mifugo, maziwa na ngozi. Katika miaka ya 1890 sotoka ilipoua ng'ombe wa Afrika Mashariki, na ndui ikaua watu, Wamasai wengi walikimbilia kwa jamaa na marafiki zao wakulima, Waarusha wakiwa miongoni mwao, wakapata chakula na makazi. Si ajabu, basi, kwamba wazee walilihesabu shamba kuwa ni jambo la heshima na si la tumbo tu. Akiba haiozi, na akiba iliyo bora ni rafiki mwenye shamba.

Pigo kubwa lilikuja na ukoloni. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru. Wajerumani walijibu kwa vita vya kuadhibu: waliua watu, walichoma nyumba, waliteka mifugo na kuharibu migomba. Msomaji aone jambo hilo la mwisho. Nyumba ya udongo na majani yaweza kujengwa upya kwa muda mfupi, lakini kuharibu migomba ni kuharibu chakula, kivuli, malisho na urithi wa mjukuu kwa pigo moja. Kisha wenyeji walitumikishwa kujenga boma la Arusha, lililokamilika karibu mwaka 1900, jengo ambalo sasa ni makumbusho. Ndipo ulipoanza mji.

Baada ya boma walikuja walowezi. Makaburu kutoka Afrika ya Kusini walipewa ardhi kaskazini mwa Meru katika miaka ya 1904 na 1905, na mashamba makubwa ya Wazungu yakaenea chini ya mlima. Juu, serikali iliutenga msitu kuwa hifadhi. Hivyo Wameru na Waarusha walibanwa katikati: hawakuweza kupanda juu wala kushuka chini, na njia ya kwenda malishoni ikakatwa. Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuivunja pingu hiyo. Mashamba yaliyokuwa ya Wajerumani waliyauza tena kwa walowezi wapya.

Wenyeji walifanya nini? Waliongeza kazi katika kipande kilichobaki. Walipanda migomba hata mahali palipokuwa pa malisho, wakazidi kufuga ng'ombe zizini, na tangu miaka ya 1920 walipanda kahawa chini ya migomba, jambo ambalo walowezi wengi hawakulipenda kwa kuwa waliogopa ushindani na ukosefu wa vibarua. Pasiwe na mtu wa kusema kwamba ukoloni ndio uliowafundisha kulima vizuri. Elimu walikuwa nayo. Ukoloni uliwaletea dhiki, na katika dhiki waliitumia elimu hiyo kwa ustadi zaidi.

Lakini ustadi una kikomo chake. Mwezi Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili eneo hilo liwe la wafugaji wa Kizungu. Sehemu ya ardhi hiyo Wameru walikuwa wameinunua kwa fedha zao wenyewe. Nyumba zilichomwa, mali ikaharibika, na watu wakaelekezwa kwenda Kingori, mahali ambapo hawakupataka. Wameru hawakuchukua silaha. Walichanga fedha, wakasaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York kuieleza Umoja wa Mataifa dhuluma hiyo. Baraza Kuu halikufikisha kura za theluthi mbili zilizotakiwa, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Hata hivyo nchi nzima ilisikia, na chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 kilikuta watu ambao tayari wamejifunza kutokana na Meru kwamba madai ya ardhi ni madai ya utu. Watu waliozoea kuchangia kazi ya mfereji walijua pia namna ya kuchangia nauli ya mjumbe wao.

Baada ya Uhuru, Azimio la Arusha la Februari 1967 lilisisitiza kwamba maendeleo hutokana na juhudi za watu na kilimo, wala si fedha za kuomba. Mwaka huo huo siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilizitaka shule ziwe na mashamba. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulileta kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya watu wazima kote nchini katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana juu ya lishe. Baada ya vita vya Kagera, maduka yalipokuwa matupu, watumishi wa mjini nao walishika jembe. Mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi ilimtaka kila awezaye kufanya kazi awe na kazi halali. Katika miji yetu, Arusha ikiwamo, mahindi na mchicha viliota kando ya nyumba za wafanyakazi.

Juhudi hizo zilikuwa na nia njema, lakini zilikuwa na upungufu ambao hatuna budi kuukiri. Mara nyingi wataalamu waliohimiza kilimo cha kisasa walikuwa na maana ya zao moja lililopandwa kwa mistari, mbegu za kununua, mbolea za viwandani na dawa. Kilimo mseto cha mlimani kilihesabiwa kuwa ushamba. Bei ya kahawa duniani ilipoporomoka baada ya mwaka 1989, wakulima wengi waliing'oa kahawa wakapanda nyanya na mboga za kuuza mjini, na mboga hizo zilipigwa dawa mara nyingi kuliko ilivyofaa. Chini ya mlima yalizuka mashamba makubwa ya maua ya kupeleka Ulaya, yenye kuhitaji maji mengi ya mito ile ile. Hivyo mji ulilishwa, lakini mapatano ya zamani yalilegea: samadi ilisahauliwa, na mbegu za bibi zikapotea.

Tangu wakati huo watu wameanza kurudi katika elimu ya awali, safari hii wakiwa na msaada wa sayansi. Mwaka 1992 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, chenye makao makuu Taiwan, kilifungua ofisi yake ya Afrika pale Tengeru, nacho kimekusanya na kuboresha mbegu za mnavu, mgagani, mchicha na nyanya chungu, mboga ambazo zamani ziliitwa chakula cha maskini. Mwaka 2005 kiliundwa chama cha kilimo hai cha Tanzania, kijulikanacho kwa kifupi TOAM, na mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kanuni moja za mazao ya namna hiyo na alama moja, Kilimohai. Kwa kuwa gharama za wakaguzi wa kulipwa ni kubwa kwa mkulima mdogo, upo utaratibu ambao wakulima wa jirani huunda kikundi, hutembeleana mashambani, na kila mmoja huwa shahidi wa mwenzake kwamba hakutumia dawa za viwandani. Anayeijua historia ya mfereji ataona mara moja kwamba jambo hili si geni. Ni mapatano yale yale ya majirani, yenye karatasi na muhuri.

Swali lililopo ni kama mapatano hayo yatapata mahali pa kusimama. Sensa ya 2022 ilihesabu katika Jiji la Arusha watu zaidi ya 600,000. Mitaa kama Sekei, Kijenge na Moshono iliyokuwa migombani imejaa nyumba. Kihamba cha babu kikigawiwa wana wanne, kisha wajukuu kumi, hubaki kiwanja. Na mfereji ukipita katikati ya viwanja hufukiwa, au hugeuzwa mtaro wa taka. Wanawake, ambao tangu zamani ndio waliobeba samadi na kutunza mbegu, mara nyingi hawakuirithi ardhi waliyoilisha. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimewapa haki sawa ya kumiliki, lakini haki iliyoandikwa na isiyodaiwa ni kama mbegu iliyofungiwa ghalani.

Hapa walimu na wanafunzi wana kazi ya kufanya. Katika shule nyingi shamba liligeuzwa kuwa adhabu kwa wachelewaji na watundu, na kijana aliyelima kwa adhabu hawezi kulipenda jembe. Shamba la shule na liwe darasa la historia pamoja na sayansi. Wanafunzi wawaulize wazee nani alichimba mfereji wa kijiji, zamu zilikuwaje, na maji yalikoma lini. Wayaandike majina ya ndizi, tangu mshare hadi kisukari na mkono wa tembo, na matumizi ya kila moja. Waichore ramani ya mifereji iliyobaki na kuipeleka katika ofisi ya kata kabla kibali kingine cha kujenga hakijatolewa. Mfereji ambao hauna jina katika karatasi yoyote hufukiwa siku moja, na hakuna atakayeulizwa. Mfereji wenye historia iliyoandikwa huwa na watu wa kuutetea.