Mate ya kupe na ndigana kali: mambo ambayo msafirishaji wa ng'ombe anapaswa kuyajua

Ndigana kali ni miongoni mwa magonjwa yanayowatia hasara kubwa wafanyabiashara wa ng'ombe katika Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo na nchi za kusini kama Malawi na Zambia. Husababishwa na kimelea Theileria parva na huenezwa na kupe wa kahawia wa masikio, ajulikanaye kitaalamu kama Rhipicephalus appendiculatus. Kimelea hicho husafiri ndani ya mate ya kupe.

Jinsi kupe anavyonyonya

Kupe hamchomi ng'ombe na kuondoka kama afanyavyo mbu. Hupasua ngozi, huingiza mdomo wenye meno yaliyoelekea nyuma, kisha hutoa mate yanayoganda kama gundi na kumshikiza hapo. Kupe jike aliyekomaa hukaa kati ya siku 5 na 10. Siku za mwanzo hunyonya polepole, na ile ya mwisho hunyonya kwa kasi hadi anavimba kama punje ya maharage.

Mate hayo yana kazi nyingi. Huzuia damu isigande, hupunguza maumivu na mwasho ili ng'ombe asijikune, na hudhoofisha kinga ya mwili mahali pale. Pia kupe huyatumia kurudisha kwa ng'ombe maji ya ziada yaliyomo kwenye damu aliyoinyonya. Kwa hiyo kila anaponyonya, pia anatema.

Kimelea huingia lini?

Vimelea hukomaa katika tezi za mate baada ya kupe kuanza kunyonya. Kwa kawaida huanza kutoka kwa wingi kuanzia siku ya 3 au ya 4. Hii ndiyo sababu kuogesha mapema kunasaidia: kupe akifa siku ya kwanza au ya pili, mara nyingi hajawahi kuambukiza.

Kupe huyu hutumia wanyama watatu katika maisha yake. Akishiba huanguka, hujibadilisha ardhini, kisha hutafuta mnyama mwingine. Aliyepata kimelea akiwa mdogo hukiambukiza katika hatua inayofuata. Hivyo kupe aliyeanguka katika zizi la mnadani leo anaweza kuwa hatari kwa ng'ombe watakaopita hapo baadaye.

Kwa nini jambo hili ni la biashara

Dalili huanza kati ya siku 8 na 25 baada ya maambukizi: homa, kuvimba kwa tezi chini ya sikio na mbele ya bega, kisha kupumua kwa shida na povu puani. Ng'ombe aliyenunuliwa akiwa mzima anaweza kuvuka mpaka na kufia kwa mnunuzi. Aliyepona naye hubaki na kimelea mwilini, na kupe wa huko aendako huweza kukichukua.

Historia inathibitisha. Mwaka 1901 na 1902 ugonjwa huu uliingia kusini mwa Afrika pamoja na ng'ombe walionunuliwa Afrika Mashariki ili kuziba pengo la waliokufa kwa sotoka. Afrika Kusini ilihitaji takriban miaka 50 kuutokomeza.

Ushauri kwa wafanyabiashara na wasafirishaji

- Kagua masikio ya kila ng'ombe, ndani na nje, kabla ya kulipa.
- Ogesha kabla ya kupakia, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Dawa iliyozimuliwa kupita kiasi huzalisha kupe sugu.
- Kwa ng'ombe wa kuchinjwa, zingatia siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo.
- Fagia lori na uchome takataka baada ya kila safari.
- Ng'ombe wa kigeni, au wanaotoka maeneo yasiyo na ugonjwa, hufa zaidi. Ulizia chanjo kwa daktari wa mifugo kabla ya kuwapeleka. Chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya, hutengenezwa kwa vimelea hai kutoka kwa kupe, na hutolewa pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini.
- Tezi zikivimba, muite daktari siku hiyo hiyo. Dawa ya buparvakwoni hufanya kazi vizuri ugonjwa ukiwa bado mchanga.

Cheti cha afya kinakuvusha mpakani, lakini hakimuui kupe. Anza na sikio.