Tabaka za Ukingo wa Mto: Usambara na Historia ya Kazi ya Hiari

Ukichokonoa kwa reki ukingo wa mto pale Soni, katika milima ya Usambara, wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua, unasoma historia kwa kurudi nyuma. Juu kabisa kuna nepi za watoto, chupa za soda na vifungashio vya biskuti ambavyo rangi yake bado haijafifia. Chini kidogo meno ya reki yananasa mfuko mweusi wa rambo. Ukiuvuta unachanika, unabaki na kipande mkononi na kingine kinazama kwenye tope. Huo ni wa kabla ya Juni 1, 2019, siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara. Endelea kuchimbua, vinaibuka viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyouzwa kila kioski hadi Serikali ilipovipiga marufuku Machi 1, 2017. Mafuriko huvuruga tabaka, kwa hiyo si kila kitu hukaa kwa zamu yake. Chini ya vyote hivyo kuna udongo mwekundu, laini kama unga, ambao haukuzaliwa mtoni. Uliteremka kutoka mashambani.

Nauanzia udongo huo kwa sababu ndio takataka ya kwanza iliyowafanya watu wa nje waje Usambara na kuwaambia wenyeji wasafishe. Yeyote anayetaka leo kukusanya watu wa kuzoa taka mtoni Lushoto, awe mwalimu na wanafunzi wake, kikundi cha akina mama, au wale wachezaji wa kusaka visanduku kwa setilaiti nitakaowaeleza mbele, anaingia katikati ya habari iliyoanza zamani. Asipoijua, atapiga mbiu na kuona watu wakimtazama kwa adabu, kisha wakaendelea na shughuli zao.

Wasambaa na majirani zao Wapare wana neno msaragambo. Mfereji umeziba, njia imeota majani, darasa linataka mawe: mbiu inapigwa, kila kaya inatoa mtu na jembe lake, kazi inakwisha kabla jua halijawa kali. Tusiipambe kupita kiasi. Msaragambo si hiari tupu, maana asiyefika bila udhuru huulizwa, na mahali pengine hutozwa faini. Lakini anayeuitisha naye anakunywa maji ya mfereji uleule, na kila anayeinama na jembe anajua jioni maji yatafika kwa nani. Nguvu yake yote iko hapo.

Kuna pia habari ya zamani zaidi, iliyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Mbegha, mwanzilishi wa ukoo uliotawala Usambara kutoka Vuga, hakuja milimani na jeshi. Alikuja mwindaji, mgeni kutoka Ungulu, akiwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu na kuwagawia nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Ufalme ulikuja baadaye. Sina haja ya kuthibitisha kila kipande cha simulizi hiyo. Inatosha kwamba watu wa milima hii wamelelewa nayo: mwindaji mgeni anayepokelewa ni yule anayeanza kwa kuwaondolea wenyeji kero. Wasambaa pia husema kuhusu kuponya nchi na kuiharibu, kuzifya shi na kubana shi, na mtawala alipimwa kwa hilo, mvua ikinyesha au ikikosekana.

Kipimo hicho ndicho Waingereza walichokikanyaga. Mwaka 1946 walianzisha mradi wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, kisha wakautandaza Usambara nzima. Kwenye karatasi ulionekana wa busara. Miteremko ilikuwa mikali, watu walikuwa wameongezeka, na mvua ilikuwa ikisomba udongo mpaka mitoni. Dawa waliyoiandika ni matuta: kila shamba la mteremkoni lilimwe matuta yanayozuia maji, kwa vipimo vilivyowekwa na ofisi. Aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa, na machifu ndio waliotumwa kusimamia.

Kazi hiyo iliwaangukia zaidi wanawake, kwa kuwa shamba la chakula lilikuwa la mwanamke. Mtu aliyekuwa akilima mahindi na maharage kwa mkono, mtoto mgongoni, aliongezewa kazi ya siku nyingi kwenye ardhi ileile isiyoongezeka hata hatua moja, na hakuona mavuno yakipanda kulingana na jasho lake. Watu waligoma. Wengine waligoma waziwazi, wengine kwa kulima tuta moja na kuacha kumi. Chifu aliyesimamia matuta alianza kuonekana kama anayeiharibu nchi badala ya kuiponya. TANU, iliyozaliwa Julai 7, 1954, ilikuta Usambara hasira iliyokwisha kupikwa na kuiva. Kabla muongo huo haujaisha mradi ulikufa, na matuta mengi yakasawazishwa na walewale waliolazimishwa kuyalima.

Miaka ishirini na ushee baadaye watu wengine walipanda milima kwa shida ileile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulianza mradi wa SECAP, wa Tanzania na Ujerumani, wa kuzuia mmomonyoko na kupanda miti mashambani. Safari hii walikuja na majani ya guatemala. Unayapanda kwa mstari unaofuata kontua, yanashika udongo, na kila baada ya muda unayakata ukamlisha ng'ombe aliye bandani. Pembeni unapanda migrivea, unapata kuni na mbao. Ukipita leo barabara ya kutoka Soni kwenda Lushoto, mistari hiyo ya kijani kwenye miteremko utaiona bila kuelekezwa na mtu. Si kila shamba lina mstari, na bado udongo unateremka. Lakini hakuna anayeing'oa usiku kwa hasira kama walivyofanyiwa Waingereza. Mteremko ni uleule na mvua ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mwenye jembe aliona maziwa.

Plastiki ilikuja juu ya udongo huo taratibu, kisha kwa kishindo. Lushoto ni nchi ya mbogamboga na matunda: kabichi, karoti, nyanya, hoho, mapichi, peasi. Vinashuka kwa malori kwenda Tanga na Dar es Salaam, na malori hayarudi matupu: yanapanda na bidhaa za madukani zilizofungwa kwa plastiki. Taka ikitupwa kwenye mtaro wa soko milimani, mvua ya kwanza inaifikisha mtoni. Mto wa Soni unaporomoka hadi Mombo, ambako wakulima wanauelekeza kwenye majaruba ya mpunga. Kinachopita hapo kinaingia Mkomazi, Mkomazi unaingia Pangani, na Pangani unamwaga baharini. Upande wa kaskazini mto Umba unateremka kupitia bonde la Mlalo na kuishia bahari ya Vanga, Kenya. Kipakiti kilichotupwa kwenye ukungu wa milimani kinaweza kumaliza safari kwenye nyavu za mvuvi ambaye hajawahi kuiona Lushoto.

Serikali nayo imekuwa na majibu yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Desemba 9, 2015, Rais John Magufuli alifuta gwaride la Uhuru na kuitangaza siku hiyo kuwa ya usafi, naye mwenyewe akainama kuokota taka Dar es Salaam. Tangu hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa ya usafi nchi nzima. Naiheshimu siku hiyo. Lakini katika miji mingi niliyopita, maduka hufungwa hadi saa nne na wenye maduka hulala hadi saa nne. Amri ilifungua mlango, haikuweza kumwinua mtu kitandani.

Sasa wale wachezaji. Usiku wa kuamkia Mei 2, 2000, Marekani iliacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na kifaa kilichokuwa kikikosea kwa mita mia kikaanza kukosea kwa mita kumi au ishirini tu. Kesho yake, Mei 3, Dave Ulmer alifukia ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza namba za longitudo na latitudo zake. Ndani aliweka daftari, penseli, vitu vidogovidogo na kopo la maharage. Haikupita wiki, ndoo ikapatikana. Mchezo ukaitwa jiokashingi, na hadi Septemba mwaka huohuo ulikuwa na tovuti yake. Leo visanduku vyake vimetapakaa duniani, na anayetaka kuvisaka anahitaji simu tu.

Lile kopo la maharage nimelifikiria sana. Kwa jicho la mama wa Mlalo, ndoo ya plastiki iliyofukiwa msituni pamoja na kopo la chakula ni taka, hata kama ina daftari ndani. Wasimamizi wa hifadhi za Marekani waliona vivyo hivyo, na wachezaji walisikia. Kufukia kukakatazwa, chakula kikaondolewa kisandukuni, na mwaka 2002 wakaanzisha desturi ya kwenda kwenye msako na mfuko mtupu na kurudi nao umejaa taka. Kutoka kwenye desturi hiyo yakazaliwa makusanyiko ya usafi, watu wakialikana kwa namba za ramani: tukutane hapa, saa fulani, njoo na glavu. Estonia ilikuwa imefuata njia yake yenyewe: Mei 3, 2008 watu wapatao 50,000 walisafisha nchi nzima kwa saa tano, na kutoka hapo ikaja Siku ya Usafi Duniani, ambayo kwetu inaongozwa na asasi ya Nipe Fagio.

Mwindaji wa visanduku anayekuja Usambara anafuata nyayo za Mbegha bila kujua. Milima imejaa vivutio vya kumleta: mwamba wa Irente, msitu wa Magamba, maporomoko ya Soni, na maua ya Saintpaulia yaliyopewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga. Mwindaji huyu ana kitu ambacho msaragambo haukuwahi kuwa nacho, nacho ni namba. Jalala la siri lililojificha nyuma ya migomba, ambalo kila mtu mtaani analijua na hakuna anayelitaja kwenye kikao, likishawekwa alama kwenye ramani ya simu linakuwa na anwani. Miezi mitatu baadaye unarudi kwenye namba ileile, na hakuna ubishi kama limerudi au halijarudi.

Lakini namba zije baada ya hodi. Mahali pa kuanzia ni kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kata na afisa afya, kisha wazee. Milima hii ina misitu ya matambiko ambayo kijana wa hapa hapa haingii bila ruhusa, na kisanduku kilichofichwa humo ni tusi hata kama mfichaji hakukusudia. Siku ichaguliwe isiyo ya gulio. Ijumaa ina swala, Jumapili ina ibada. Masika msiende, mto ukijaa hauna mchezo. Septemba maji yamepungua na kingo ziko wazi. Muanze saa moja asubuhi, baridi ikiwa bado imekaa, gambuti miguuni. Na gari la halmashauri la kubeba taka lipatikane kabla mbiu haijapigwa. Magunia yaliyojazwa na kuachwa barabarani wiki nzima huwavunja watu moyo kuliko uchafu wenyewe, na mvua ikija huyarudisha yalikotoka.

Jambo moja lisimamiwe na mtu mzima tangu mwanzo hadi mwisho, nalo ni chupa za dawa. Bonde la mbogamboga lina vichupa vingi vya viuatilifu kando ya vijito, kwa sababu hapo ndipo mkulima anapochota maji ya kujazia bomba lake la kupulizia. Chupa hizo watoto wasiguse, na atakayezigusa avae glavu za mpira. Zisichomwe, zisichanganywe na chupa za soda zinazouzwa kwa kilo, na asitokee mtu wa kuzibeba nyumbani kuwekea mafuta ya taa. Mkulima akishamaliza kupiga dawa, chupa aisuuze mara tatu akimimina maji hayo ndani ya bomba, kisha aitoboe. Ukimweleza hilo ukiwa umeinama naye ukingoni, atakusikiliza. Ukimpigia kelele kwa kipaza sauti, anakumbuka aliyosimuliwa na bibi yake kuhusu matuta.

Chakula kipikwe palepale. Makande yakichemka jikoni tangu alfajiri, watu wanajua wanatarajiwa. Waliokuja na simu wanakaa sufuria moja na waliokuja na majembe, na ndipo yanapotajwa majalala ambayo hayakutajwa kikaoni. Kisanduku, kama wazee wamekubali kiwekwe, kinakaa juu ya jiwe mahali walipoonyesha wao, na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari inaandikwa tarehe na idadi ya magunia.

Reki ikigusa ule udongo mwekundu, kazi ya siku hiyo imefika mwisho. Huo haubebeki kwa gunia. Wenye mashamba ya juu wanabaki kidogo na mtendaji, wakielekezana kwa vidole kwenye kona inayomomonyoka, na kukubaliana ni nani mwenye miche ya guatemala ya kuanzia.