Moto, Kamera na Puto la Alfajiri

Mtu afikaye Maasai Mara au Serengeti, akaamka kabla ya jua na kupelekwa mahali maputo yanaporushwa, huona kwanza kitambaa kikubwa kimelazwa majanini, feni ikikijaza hewa ya baridi, na watu wakizunguka gizani wameshika kamba. Kisha ghafula ulimi wa moto hutoka katika kichomeo cha gesi, kitambaa chote kikawaka rangi kama kandili iliyotundikwa barazani, na wale waliosimama chini na kamera zao, ambao tangu walipotoka kitandani hawakusemezana neno, wakaanza kupiga picha kwa pupa kama watu waokoao mali. Picha hiyo imeenea mno katika kalenda na vitabu vya wageni, hata wengi huidhania kuwa ya kale, sawa na ile ya jahazi na mnazi. Walakini ukiipima kwa miaka utaikuta changa, kwa kuwa moto wa puto na kamera, kwa muda wa karne moja na zaidi, vilikuwa vikipishana njiani.

Moto ndio uliotangulia. Ndugu wawili wa Kifaransa, Joseph na Étienne Montgolfier, walirusha puto lao mbele ya watu mjini Annonay mwezi wa Juni 1783, kwa hewa iliyopashwa moto wa majani makavu na sufu. Septemba ya mwaka huo huo, mbele ya mfalme kule Versailles, wakapandishwa angani kondoo, bata na jogoo. Na tarehe 21 Novemba wakapaa wanadamu, Pilâtre de Rozier na d'Arlandes, wakavuka juu ya Paris. Waliotazama kutoka chini walikuwa na wachoraji tu wa kuwahifadhia taswira, maana ilimbidi ulimwengu ungoje hadi 1839 ndipo upigaji picha wa Daguerre utangazwe hadharani. Na kabla ya miaka hiyo kwisha, moto wenyewe ulikuwa umekwisha kushindwa, kwani siku kumi tu baada ya safari ile ya Novemba, Jacques Charles alipaa Paris kwa gesi ya hidrojeni, ambayo haihitaji kuni wala kuchochewa, na ambayo cheche moja yatosha kuiangamiza. Pilâtre de Rozier alijaribu kuviunganisha viwili hivyo, gesi na moto katika chombo kimoja, avuke bahari kwenda Uingereza. Akafa mwezi wa Juni 1785.

Kwa hiyo kamera ilipozaliwa ilikuta maputo ya gesi, yasiyo na mwanga wowote ndani. Tena sifa zilikwenda kwa waliopanda: Nadar, Mfaransa, aliyepiga picha kutoka angani mwaka 1858 baada ya vioo vyake kuharibiwa mara kadhaa na gesi iliyovuja kutoka katika puto lenyewe, na James Wallace Black, aliyeipiga picha Boston mwaka 1860. Mimi naona dhuluma kidogo katika hesabu hiyo. Aliye ndani ya kapu haoni chombo kimbebacho, kama vile abiria wa jahazi asivyoliona tanga lilivyojaa vizuri kama alionavyo aliyesimama ufukoni. Na laiti isingekuwa picha zilizopigwa kutoka chini mwaka 1862, kule Fair Oaks katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambazo hutajwa kwa jina la Mathew Brady, tusingejua jinsi puto la Thaddeus Lowe, lililoitwa Intrepid, lilivyosimama likijazwa gesi huku askari wamelizunguka.

Miaka mia kamili baadaye, 1962, puto la hidrojeni liliondoka Unguja. Jina lake lilikuwa Jambo, na waliolipanda ni Anthony Smith, mwandishi wa Kiingereza aliyesomea elimu ya wanyama, pamoja na wenzake, miongoni mwao kijana mpiga filamu aitwaye Alan Root. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru wake Desemba iliyotangulia. Puto halina usukani wala tanga la kupindisha, nao wakaukabidhi upepo roho zao juu ya maji ya mkondo hata wakafika bara. Kisha wakalirusha tena huko bara, wakipita juu ya wanyama. Hata hivyo Jambo, pamoja na fahari yake yote, lisingeweza kumpa mpiga picha kandili ile ya alfajiri, kwa kuwa halikuwa na moto.

Moto ulikuwa umekwisha kurudi mahali pengine. Tarehe 22 Oktoba 1960, kule Bruning, Nebraska, Mmarekani Ed Yost alipaa kwa puto la nailoni lililopashwa joto kwa gesi ya propeni, ambayo huchukuliwa ndani ya mtungi na kufunguliwa kwa valvu. Root aliuleta ufundi huo kwetu. Kwa puto la namna hiyo yeye na mkewe Joan walivuka juu ya Kilimanjaro, filamu yao ikatoka 1975, na mwaka 1976 ikaanza biashara ya kuwapandisha wageni kutoka Keekorok, Maasai Mara. Serengeti ilifuata 1989.

Ukiuliza kwa nini alfajiri, wapiga picha watakujibu kwa uzuri wa nuru, na marubani kwa habari ya hewa, nami nawasadiki marubani. Usiku kucha ardhi ya mbuga imepoa, na hewa nzito ya baridi imetulia juu yake kama maji mtungini. Katika utulivu huo puto hupanda bila kutikiswa, tena kwa gesi kidogo, maana nguvu yake yote ni ile tofauti iliyopo baina ya joto la ndani na baridi ya nje. Jua likishapamba moto, hewa hupaa kwa vishindo hapa na pale, na rubani mwenye hadhari hutaka awe amekwisha kutua. Mpiga picha, basi, anakula karamu iliyoandaliwa kwa ajili ya mtu mwingine, tena anaila mbio, kwa sababu karibu na Ikweta jua huchomoza wima na mapambazuko ni mafupi. Akiwahi mno, mbingu ni nyeusi na puto ni waa la rangi lisiloning'inia popote. Akichelewa, mwanga wa mchana unaumeza moto. Baina ya hayo mawili zipo dakika chache ambazo mbingu na moto vinalingana nguvu, na hata ndani ya dakika hizo rubani hufungua valvu kwa sekunde kadhaa tu, akafunga. Mzoefu hutazama mkono wa rubani.

Picha za namna hiyo sasa ni tele. Zilizo adimu ni zile za Jambo zilizopigwa na watu wa chini, na ikiwa yupo msomaji ambaye babu yake au jirani yake alikuwa na kamera Unguja mwaka 1962, namsihi alifungue sanduku kabla ya mchwa.