Shaba, Zamu na Mikono ya Kukanda: Historia ya Uchovu Lubumbashi

Katanga, kusini mwa Kongo, ilijua uchovu wa shaba kabla ya kampuni yoyote kufika. Wahunzi wa kale waliyeyusha jiwe la kijani la malakiti katika tanuru za udongo, wakivukuta mivukuto ya ngozi kwa kupokezana. Lakini walifanya hivyo kiangazi, baada ya mavuno. Mvua ziliporudi, watu walirudi shambani. Kazi ilikuwa nzito, ila ilikuwa na msimu.

Msimu huo uliondolewa ndani ya miaka michache. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, jina la kikoloni la Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka uliofuata kiwanda cha Lubumbashi kikamimina shaba yake ya kwanza. Tangu hapo mwili wa mtu ulifuata zamu, usiku na mchana, masika na kiangazi.

Vijana walioandikishwa kutoka mbali walikuja na tiba za kwao. Miongoni mwa Wandembu, ndugu wa Walunda walio ng'ambo ya mpaka wa Zambia, mwanaanthropolojia Victor Turner aliona katika miaka ya 1950 waganga wakiumika kwa pembe: ngozi inachanjwa kidogo, pembe inabandikwa, hewa inafyonzwa, damu inatoka. Kilichonigusa katika maelezo yake si pembe. Ni kwamba jamaa na majirani walikusanywa, wakatakiwa kutoa manung'uniko yao mbele ya mgonjwa. Maumivu ya mwili na dhiki ya moyo vilitibiwa pamoja.

Katika kambi za mwanzo mfanyakazi hakuwa na jamaa wa kukusanywa. Mikataba ilikuwa mifupi, wake walibaki vijijini, vifo vilikuwa vingi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo: mikataba ya miaka mitatu, nyumba za familia, posho, zahanati. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuja kuwa msimamizi mkuu wa sera hiyo, aliamini kwamba mfanyakazi mwenye afya na mke karibu naye huzalisha zaidi. Wanaume walipimwa, wakakaguliwa, wakatibiwa majeraha. Mgongo uliokaza na bega lililovimba kwa koleo havikuwa ugonjwa machoni pa msimamizi, maadamu mtu aliweza kusimama zamu ya kesho.

Kazi ya kutibu maumivu hayo iliangukia nyumbani. Maji yanachemshwa, kitambaa kinachovywa na kukamuliwa, kinagandamizwa mgongoni mpaka joto lizame. Kisha mafuta, na viganja vinavyosukuma polepole kutoka kiunoni kuelekea shingoni. Ni ujuzi uleule wa kumkanda mzazi kwa maji ya moto, na naamini wanawake ndio walioupeleka kutoka kitanda cha uzazi hadi kwa mchimbaji. Sayansi ya leo inawaunga mkono kwa kiasi: joto na kukanda hupunguza ukakamavu na maumivu yanayofuata kazi nzito kwa siku moja hadi tatu, ingawa haviponyi mfupa wala uti uliodhurika.

Kukanda hakukuweza kutosha palipokosekana haki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia uzalishaji uliongezwa na bei zikapanda. Wafanyakazi wakagoma, na tarehe 9 Desemba 1941 askari wakawafyatulia risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Makumi waliuawa.

Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikawa Gécamines. Ilipoporomoka katika miaka ya 1990, mishahara ilikatika. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa tayari ameziita familia za wafanyakazi wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Wengi wa walioondolewa walibaki na migongo ya miaka thelathini ya kazi na kukosa usingizi kwa madeni.

Watafiti wa Lubumbashi wamekusanya masimulizi mengi ya wastaafu hao. Wake na wajane wao, wa mitaa ya Kenya, Katuba na Kamalondo mjini humo, waulizwe pia: walichemsha nini, walipaka mafuta gani, nani aliwafundisha, na nani aliwakanda wao.