Jiji la Makaratasi

Vijana wenzangu tunaoshika kalamu, hebu tuulizane: Dar es Salaam ya mwaka 2070 ina sura gani kichwani mwako? Riwaya yangu inaanzia huko, na kila nikiandika naliona jiji la sinema za Marekani, magari yakipaa angani. Tandale siioni. Nani kaibomoa?

Mwaka 1993 Mmarekani Mark Dery alibuni neno Afrofuturizimu. Swali lake lilikuwa zito: watu ambao historia yao ilifutwa makusudi, wataweza kuwaza kesho yao? Alikuwa akiwazungumzia Weusi wa kwao. Huku Afrika kulikuwa na jamaa aliyekwisha anza kazi hiyo kabla neno halijazaliwa, tena bila kuomba ruhusa.

Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, Kongo. Kinshasa alikuwa akikarabati vinyago vya makumbusho ya taifa. Kisha akaanza kujenga majengo ya maboksi, karatasi za rangi na plastiki, vitu ambavyo wewe na mimi tunatupa jalalani. Mwaka 1989 kazi zake zikaonyeshwa Paris. Mwaka 1994 akakijenga upya kijiji chake: maghorofa marefu na uwanja wa mpira! Mwaka 1996 akatoa Ville Fantôme, jiji ambalo, kwa maelezo yake, halina haja ya polisi wala askari. Kumbuka, Kinshasa hiyo hiyo iliporwa na wanajeshi mwaka 1991, ikarudiwa 1993. Basi usiniambie yule bwana alikuwa anacheza na makaratasi.

Sisi nasi tulikuwa na karatasi yetu. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na ramani ya mwaka 1976 ilichorwa na kampuni ya Toronto: mji wa Ujamaa, watu watembee kwa miguu na mabasi. Wazo zuri, lakini mkono wa kuchora ulikuwa wa mgeni.

Hata hivyo, Kingelez, aliyefariki mwaka 2015, namdai kitu kimoja. Majiji yake hayana watu. Hakuna hata mpiga debe!

Kwa hiyo sura ya kwanza nimeichana. Sasa kuna ghorofa la vioo pale Tandale, na chini yake mama ntilie anagombana na mlinzi juu ya ndoo mbili za maji.