Kifungo Kisicho na Kikomo kwa Mwenye Kuidharau Mahakama: Tunajifunza Nini katika Historia na Fiqhi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Hakimu wa mahakimu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo, tuchukue mfano wa msimamizi wa mirathi katika mojawapo ya wilaya za mkoa wetu wa Singida, iwe Iramba, Manyoni au Ikungi. Mahakama imemwamuru alete hesabu ya ng'ombe na mashamba ya marehemu ili mayatima wapate haki yao. Hakuleta. Ameitwa tena, akapuuza. Hapana shaka mtu huyu ameidharau mahakama, na kifungo ni halali juu yake. Lakini afungwe kwa muda gani? Je, inafaa akae gerezani mpaka atii, hata ikipita miaka 10?

Swali hili si la kubuni. Huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, H. Beatty Chadwick alifungwa mwaka 1995 kwa kukataa amri ya mahakama ya kuleta kiasi cha dola milioni 2.5 katika kesi ya talaka. Yeye alidai kuwa fedha hizo hana tena. Alikaa gerezani miaka 14, hakuhukumiwa kwa kosa lolote la jinai, mpaka alipoachiwa mwaka 2009 baada ya hakimu kuona kuwa kifungo hakitamfanya atii.

Sheria ya nchi yetu imeweka mpaka. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, anayevunja amri ya zuio anaweza kuwekwa gerezani kama mfungwa wa madai kwa muda usiozidi miezi 6. Mdaiwa naye akitoka hasamehewi deni, ila hakamatwi tena kwa hukumu ile ile. Je, miezi 6 hii ni huruma ya sheria za kikoloni tu, au ina asili pia katika elimu ya wanazuoni wetu?

KIFUNGO CHA "MUDA FULANI"

Qur'an imetusimulia kifungo cha Nabii Yusuf (a.s.). Katika Surat Yusuf, aya ya 35, tunaelezwa kuwa wakubwa wa Misri, baada ya kuona dalili za kutokuwa na hatia kwake, waliona wamfunge "hatta hiin", yaani mpaka wakati fulani. Wakati gani? Hawakuutaja. Katika aya ya 42 tunaona matokeo yake: mfungwa mwenzake aliyetoka alisahau kumtaja mbele ya bwana wake, na Yusuf akabaki gerezani miaka kadhaa. Hii ndiyo tabia ya kifungo kisicho na kikomo. Aliyefunga haoni haja ya kuhesabu siku, na aliyefungwa husahaulika.

Sasa tutazame mwendo wa Mtume (s.a.w.). Katika zama zake hapakuwa na jengo maalumu la gereza. Thumama bin Uthal, kiongozi wa Banu Hanifa, alifungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Madina, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimwendea siku tatu mfululizo, kila siku akimuuliza ana lipi la kusema, kisha akaamuru afunguliwe. Thumama akaenda kuoga, akarudi na kusilimu. Mateka yule aliulizwa hali yake kila siku na mwenye mamlaka mwenyewe.

Zama za Umar bin al-Khattab (r.a.), gavana wake wa Makka, Nafi' bin Abdul-Harith, alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya kwa dirham 4,000 iwe gereza. Baadaye Ali (r.a.) akajenga gereza huko Kufa. Magereza yakaongezeka, na matatizo yake yakaongezeka. Ilipofika zama za Harun al-Rashid, Imam Abu Yusuf (aliyefariki mwaka 182 Hijria) alimwandikia khalifa katika Kitab al-Kharaj akilalamikia wafungwa kutolewa na minyororo yao kwenda kuomba sadaka. Akashauri kila mmoja apewe dirham 10 kwa mwezi, pamoja na nguo za baridi na za joto. Akabainisha pia kuwa wafungwa huwa wengi kwa sababu mambo yao hayaangaliwi.

WANAZUONI WALISEMAJE KUHUSU MUDA?

Hapa tutenganishe mambo mawili, kwani wengi huyachanganya.

Kwanza, kifungo cha adabu (taazir). Huyu anaadhibiwa kwa alilokwisha kulitenda. Al-Mawardi ametaja katika al-Ahkam al-Sultaniyya kuwa Abu Abdillah al-Zubayri, miongoni mwa wanazuoni wa Kishafi, aliweka kikomo cha mwezi 1 kwa kifungo cha uchunguzi na miezi 6 kwa kifungo cha adabu. Al-Mawardi mwenyewe aliona muda uachiwe rai ya kiongozi. Na imetajwa katika madhehebu ya Kishafi kuwa kifungo cha adabu kisifikie mwaka, kwa sababu mwaka ni kipimo cha kuhamishwa mzinifu, na taazir haifikishwi kwenye kiwango cha hadd.

Pili, kifungo cha kumlazimisha mtu atoe haki ya mwenzake. Hapa hoja ya wanaotaka kifungo kisicho na kikomo ina nguvu, na ni insafu tuieleze. Wanasema huyu si wa kuhurumiwa, kwani akitoa haki leo, leo hii anatoka. Ukimwekea miezi 6, mwenye mali nyingi atahesabu siku, atoke, na mayatima wabaki mikono mitupu. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma, na kwamba jambo hilo huhalalisha aadhibiwe. Ndiyo maana wapo wanazuoni waliosema kuwa ikithibiti anayo mali na anakataa kulipa, aendelee kufungwa mpaka alipe.

Lakini tazama sharti lao: ikithibiti anayo. Kwa asiyekuwa nayo, Surat al-Baqara aya ya 280 imekata shauri kwa kuamrisha mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi. Basi kiini cha suala ni kujua nani amekataa na nani ameshindwa. Wanazuoni wa Kihanafi walitaja muda wa kumpima mfungwa wa deni: miezi 2, 3, 4, hadi 6, na kauli yenye nguvu kwao ni kuwa kadhi akadirie mwenyewe. Muda huo ukipita, kadhi huulizia kwa majirani na wanaomjua. Ikibainika ni fukara, huachiwa.

Na kwa yule tajiri mkaidi ipo njia nyingine. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) aliuza mali ya Muadh bin Jabal (r.a.) kulipia madeni yake. Kwa Mashafi, kadhi anaweza kuuza mali ya mdaiwa anayekataa. Basi msimamizi wa mirathi akikaidi, mahakama imvue usimamizi, ikamate ng'ombe na iwagawie mayatima. Yatima hashibi kwa mtu kukaa gerezani. Hushiba kwa maziwa ya ng'ombe wake.

KAZI YA KWANZA YA KADHI

Imam an-Nawawi, katika Minhaj ambayo wanafunzi wetu huisoma, ameweka wazi kuwa kadhi mpya huanza kwa kuwaangalia waliofungwa. Anaanza na hao kabla ya mashauri mengine, kwa kuwa kifungo ni adhabu inayoendelea kila saa, na huenda ndani yumo aliyedhulumiwa.

Historia yetu wenyewe inatuonya. Neno "gereza" limetujia kutokana na Wareno, na ngome yao ya Mombasa ilitumiwa na Waingereza kuwa gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958. Baada ya uhuru, Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 iliruhusu mtu kuzuiliwa bila kufikishwa mahakamani. Tume ya Jaji Nyalali, mwaka 1992, iliitaja miongoni mwa sheria 40 kandamizi. Na viongozi wa Uamsho wa Zanzibar walikaa mahabusu Bara kwa zaidi ya miaka 6 bila hukumu, mpaka kesi ilipofutwa Juni 2021. Hao hawakufungwa kwa kudharau mahakama, lakini ubaya wa kifungo kisichojulikana mwisho wake ni ule ule.

Rai yetu ni kuwa amri ya mahakama iheshimiwe, na mwenye kuidharau aadhibiwe. Lakini kifungo kiwe na muda unaojulikana, hali ya mfungwa iangaliwe kila mara, uwezo wake uthibitishwe kwa ushahidi, na haki itafutwe katika mali kabla ya mwili.

Maimamu wa Singida wana nafasi yao. Imam ndiye jirani ambaye kadhi wa zamani alikuwa akimuuliza. Anajua nani ana zizi limejaa na nani ukame umemmaliza. Basi asione uzito kusema kweli mbele ya mahakama, iwe kwa faida ya mfungwa au dhidi yake. Na tusisahau kuwa wenye madeni ni miongoni mwa mafungu 8 ya Zaka katika Surat at-Tawba, aya ya 60. Yawezekana katika gereza lililo jirani na msikiti wetu yumo mtu anayesubiri kutajwa, kama Yusuf (a.s.) alivyosubiri.

Wallahu a'alam.